Mlango wa Kukimbilia Usiku



Jumatano ya wiki hii, katika somo la Misa, tulimsikia Samweli akiamka usiku. Amelala hekaluni kule Shilo, taa ya Mungu haijazimika, anasikia anaitwa, anakurupuka na kumkimbilia mzee Eli. Mzee anasema hakumwita, akalale. Anaitwa tena, anakimbia tena. Mara ya tatu vilevile. Mahubiri juu ya somo hili huelekea kwenye wito, na ni sawa, lakini safari hii naomba tubaki kidogo na jambo lililotangulia wito: mtoto yule alijua pa kukimbilia. Gizani, usingizi ukiwa bado machoni, katika nyumba isiyo ya mama yake, alijua aende kitandani kwa nani.

Samweli alikuwa mtoto aliyetolewa. Hana alimlilia Mungu ili ampate, akamnyonyesha, akamwachisha ziwa, kisha akapanda naye Shilo na kumwacha mikononi mwa mzee asiyemzaa. Maandiko hayasimulii usiku wake wa kwanza pale. Hayasemi kama alikataa kula, kama alisimama mlangoni akimngoja mama yake arudi, kama Eli alipapasa gizani kumtafuta. Ila mlezi yeyote aliyewahi kumpokea mtoto wa umri ule anaweza kuisimulia sehemu hiyo bila kufungua kitabu.

Nawaandikia haya kwa sababu ya familia moja inayosali pamoja nasi. Mume na mke, wageni kutoka Ulaya, wameishi Morogoro miaka kadhaa kwa kazi zao, na sasa wamempokea mtoto wa miaka miwili na ushei kutoka kwenye makao ya watoto, wakiwa katika hatua za kumwasili. Wameniruhusu niseme hivyo tu. Sitamtaja mtoto, wala mtaa, wala alikotoka, nanyi mnaowafahamu nawaomba msiwamalizie habari wasiowafahamu. Hadithi ya mtoto ni mali yake. Siku moja atataka kuisikia, na isiwe mji mzima umeshatangulia kuijua.

Nimeulizwa mlangoni mwa kanisa, tena kwa hasira: inakuwaje mzungu anakuja anajichukulia mtoto wetu? Hajichukulii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka asiye raia awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa angalau miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya jinai kwao wala kwingineko, na nchi yake iwe tayari kuitambua amri ya kuasili. Zaidi ya hayo, ionekane kwamba mtoto hakupata familia ya kumlea hapa. Anayeamua ni Mahakama Kuu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, nao unasema kumpeleka mtoto nchi nyingine liwe jambo la mwisho, baada ya mengine yote kushindikana.

Ukali huo una sababu. Ethiopia ilikuwa ikipeleka maelfu ya watoto ng'ambo kila mwaka, na mwaka 2018 ikaufunga mlango huo. Kenya ilisitisha mwaka 2014. Walikuwapo wazazi maskini waliotia dole gumba kwenye karatasi wakiamini mtoto anakwenda kusoma na atarudi. Mimi nauunga mkono ukali wote huo. Mlango wa kwanza wa mtoto wa Kiluguru ni kwa mjomba wake, kwa mama yake mdogo, kwa bibi yake, maana ukoo wetu hufuata upande wa mama na hakuna mtoto anayezaliwa nje ya ukoo. Parokia ikiweza kumsaidia bibi wa Matombo au wa Mgeta kwa gunia la mahindi, sare za shule na bima ya afya ili amlee mjukuu wake, hilo litangulie kila kitu. Lakini wapo watoto ambao milango yote iligongwa na hakuna aliyefungua. Kwa hao, mapaja ya mtu wa mbali ni bora kuliko kitanda katika bweni, hata bweni liwe safi namna gani.

Watu wengi hudhani mtoto akishaingia nyumbani kazi imekwisha. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na huyu amekuja akiwa tayari ana miaka miwili ambayo wazazi wake wapya hawakuwapo.

Taabu huanza usiku. Katika makao alilala chumba kimoja na wenzake wengi, akisikia pumzi zao, vikohozi vyao, na mlezi wa zamu akipita. Kwa desturi ya Ulaya mtoto huandaliwa chumba chake mwenyewe, kitanda kipya, chandarua kipya, mwanasesere juu ya mto. Mlango unarudishwa, kimya kinaingia, na mtoto anapiga ukelele unaosikika hadi nyumba ya tatu. Si utundu. Hajawahi kulala peke yake maishani mwake. Na sisi huku milimani, nani alilala peke yake akiwa na miaka miwili? Niliwashauri wakihamishie kitanda chumbani mwao, wakakihamisha. Bado huamka, lakini sasa akiamka kuna mkono karibu. Wapo watoto wengine wasiolia kabisa. Huamka wakakaa macho wazi, kimya, kwa sababu walikwisha kujifunza kwamba kulia hakuleti mtu. Mtoto huyo anayenyamaza ananihuzunisha kuliko anayelia.

Chakula nacho. Mtoto anakula ugali na maharage mpaka anatapika, halafu anaomba tena. Anaficha kipande cha andazi chini ya mto, ndizi ndani ya kiatu. Asiyejua atamwita mlafi au mwizi. Aachwe. Bakuli la ndizi likae mahali anapofikia mwenyewe, lisiwe tupu hata siku moja, na baada ya majuma au miezi ataacha kuficha bila kuambiwa.

Yupo baba pia. Makao mengi huendeshwa na wanawake, masista na walezi, na mtoto pengine hajawahi kubebwa na mwanamume, sembuse mwanamume mwenye ndevu, ngozi nyeupe na Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Akimkaribia, mtoto anajificha. Mtu huyu amemngoja mtoto kwa miaka, na sasa anakataliwa mbele za wageni wake. Namwambia akae sakafuni, mbali kidogo, amenye machungwa, afanye shughuli zake, amwache mtoto aje kwa muda wake.

Lakini gumu kuliko yote ni lile ambalo sisi tunalisifu.

Mmewaona watoto wa makao mgeni anapoingia getini. Mmoja anakimbia, anakumbatia magoti, ananyoosha mikono abebwe, anamwita "mama" mtu aliyemwona sasa hivi. Tunasema: mchangamfu huyu, hana makuu, ana upendo. Wageni wa wiki mbili wanapiga naye picha, wanaondoka, wanakuja wengine. Sasa mtazameni mtoto wa miaka miwili aliyekulia mgongoni mwa mama yake kule Kinole. Akimwona mgeni hujificha nyuma ya kanga ya mama, anachungulia, anajificha tena. Kule kujificha ndiyo afya yenyewe, maana mtoto huyo ana mtu. Yule anayekwenda kwa kila mtu bado hajapata mtu.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania Desemba 1989, dunia ilishtuka kuona makao yaliyojaa watoto ambao hawakuwa na wa kuwabeba. Mtaalamu wa Uingereza, Michael Rutter, na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto 165 waliotoka Romania na kuasiliwa Uingereza. Waliotoka kabla ya kutimiza miezi 6 kwa sehemu kubwa walikua kama wenzao. Miongoni mwa waliokaa zaidi, wengi walinenepa, wakarefuka, wakasoma. Hata hivyo walikuwapo ambao wangeweza kuondoka na mtu yeyote bila kugeuka kumtazama mama, na kwa baadhi yao tabia hiyo ilidumu.

Kwa hiyo nawaomba kitu kinachokwenda kinyume na malezi yetu. Kwetu mtoto ni wa wote. Misa ikiisha, mtoto hupokewa na mama huyu, akapewa pipi na yule, akapokezanwa mpaka mzazi wake anamkuta mgongoni mwa mwanakwaya. Kwa watoto wetu wengi hiyo ni shule njema ya utu, kwa sababu wameingia shuleni humo wakiwa wamekwisha kuujua mgongo wa mama. Mtoto huyu hajafika hapo. Na awe kwanza wa watu wawili, ndipo awe wa wote. Kwa miezi hii, kumlisha, kumwogesha, kumbeba, kumbembeleza anapoanguka na kumlaza kufanywe na wazazi wake peke yao. Ninyi msalimieni kwa jina lake, mpungieni mkono, chekeni naye. Akiwajia amenyoosha mikono, mshikeni kidole mumrudishe kwa mama yake. Akina bibi, najua ninalowanyima. Nimesikia pia maneno kwamba wale wazungu wanaringa, hawataki mtoto wao aguswe. Si wao. Ni mimi niliyewaambia wafanye hivyo, na walisita kwa kuogopa kuwaudhi.

Kuna neno lingine pia nataka tuliache. Kila anayemwona mtoto huyu anasema, "Ana bahati huyu, anakwenda Ulaya." Semeni hivyo kwa mtu mzima aliyeshinda bahati nasibu. Mtoto aliyepoteza mama, na ukoo wa mama, kisha akaondolewa kwa walezi na wenzake wa chumba kimoja ambao ndio pekee aliowajua, hajabahatika. Amefiwa mara mbili kabla ya kujua kutamka maneno. Akilia wiki nzima katika nyumba yenye kila kitu, hakosi shukrani. Yumo matangani. Sisi tunajua kukaa na mfiwa: hatumwambii ashukuru, tunakaa naye mkekani. Na mtoto huyu tukae naye hivyohivyo.

Na mama anayempokea. Hili nalisema polepole kwa sababu wanawake hawalisemi. Mwanamke aliyeomba mtoto kwa miaka, kama Hana, anapompata, baada ya mwezi mmoja wa kutolala anaweza kujikuta amejifungia bafuni analia, akijiuliza mbona hampendi mtoto huyu. Anaona aibu kumwambia mumewe, kwa kuwa ni wao walioomba. Anaogopa kumwambia afisa ustawi, asije akaandikwa vibaya. Kuna wanaokuja kitubioni na jambo hili, na jibu langu ni moja: hiyo si dhambi. Upendo hauletwi na muhuri wa mahakama. Huanza na uji uliopikwa, shuka iliyofuliwa saa tisa usiku, homa iliyokeshewa, na moyo hufuata nyuma ya mikono. Mama aliyejifungua kwetu hukaa ndani, akapikiwa, akaletewa maji ya moto, hakuna anayemtarajia shambani. Mama aliyeasili anatarajiwa kazini Jumatatu na tabasamu juu. Kwa nini yeye tusimhesabu kuwa mzazi aliyetoka kujifungua?

Mtamwangalia pia Eli. Mzee huyu hakuwa mlezi wa kupigiwa mfano. Wanawe wa kuzaa, Hofni na Finehasi, walimshinda. Walikula sadaka za watu na kuwadhulumu, naye akawakemea kwa maneno yasiyo na nguvu. Macho yake yalikuwa yamefifia. Hata kuelewa kwamba ni Mungu aliyekuwa akimwita mtoto kulimchukua mpaka mara ya tatu. Ila mara zote tatu alimjibu. Hakumfukuza, hakumwita msumbufu, hakumfungia mlango. Wazazi wanaoniambia hawafai kwa kazi hii, kwamba walimfokea mtoto jana usiku, ninawaelekeza kwa mzee huyu asiyefaa, ambaye mlangoni pake nabii alijifunza kusikiliza.

Mkoa wetu una historia ndefu ya watoto wa mbali. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa na watoto waliokombolewa kutoka utumwani Zanzibar, waliotoka bara ambako hawangeweza kurudi. Walipokua wakaoana, na mwaka 1877 baadhi ya familia hizo zikawa msingi wa misioni ya Mhonda, kule Turiani. Imani ya mkoa huu ilipandwa kwa sehemu na watoto waliong'olewa kwao. Karibu zaidi na zama zetu, wazee wa Mazimbu wanawakumbuka watoto wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Chuo chao cha Solomon Mahlangu kilianza huko mwaka 1978 katika shamba la zamani la mkonge, na wasichana waliojifungua waliishi na watoto wao katika kituo kilichopewa jina la Charlotte Maxeke. Watoto hao walikulia chini ya milima ya Uluguru. Chuo kilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992 walikwenda "nyumbani", nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona, huku nyumbani walikokujua kukiwa ni hapa.

Nayataja kwa sababu mtoto wetu huyu naye ataondoka siku moja, na kuondoka huko kutakuwa msiba wa tatu. Kiswahili chenyewe kitamtoka haraka kuliko mnavyodhani. Huko Ufaransa, watafiti walichapisha mwaka 2003 uchunguzi juu ya watu waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 8. Wakiwa watu wazima walisikilizishwa Kikorea, wasikitambue. Lugha waliyobembelezewa ilikuwa kama haijawahi kupita masikioni mwao.

Hapo ndipo nataka mfungue Biblia nyumbani, Samweli wa kwanza sura ya 2, kuanzia aya ya 19, maana sehemu hiyo haisomwi kanisani wiki hii. Kila mwaka Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akampelekea. Fikirini kazi hiyo. Mtoto hayupo, hakuna wa kumpima. Inambidi akisie: mwaka huu atakuwa amefika hapa kiunoni pangu, mabega yamepanuka, mikono iongezwe inchi mbili. Mama anayeshona kwa kukisia hajamwacha mtoto hata siku moja. Na Eli anafanya nini kanzu inapofika? Haioni kuwa uchokozi. Anambariki Hana na mumewe, anawaombea watoto wengine, na Samweli anaivaa.

Ninyi wazazi mnaompokea, muwe Eli katika hili pia. Mwulizeni afisa ustawi yote yanayoruhusiwa kuulizwa: kijiji, jina alilopewa na mama yake, ukoo wa mama yake. Mluguru asiyejua lukolo lake, yaani ukoo huo, huulizwa swali la kwanza kabisa ugenini na kukosa jibu. Yaandikeni sasa, karatasi zikiwa bado mkononi, si atakapokuwa na miaka kumi na tano anawadai. Pangeni namna Kiswahili kitakavyobaki nyumbani mwenu, hata iwe wimbo mmoja wa kulala na sala ya chakula.

Nanyi ndugu wa mtoto yeyote aliyepelekwa makao, mnaokaa kimya kwa aibu, wengine mkiwa hata mmehama kijiji: hakuna anayewahukumu hapa. Picha ya mama yake, kanga yake, sauti ya bibi akiimba iliyorekodiwa kwenye simu, vyote hivyo ni kanzu. Vileteni. Ofisi ya parokia itavifikisha kwa afisa ustawi, naye ataamua kwa sheria namna ya kuvifikisha kwa mtoto.

Jumuiya zilizojitolea kupeleka chakula kwa familia hii ziendelee hadi Jumatano ya Majivu. Kipelekwe kikiwa kimepikwa tayari, kabla ya saa kumi na mbili jioni, aachiwe mlinzi getini. Msiingie ndani, na sufuria zitarudishwa Jumapili. Na kwa wale mnaoumia kuona watoto wa Morogoro wakilelewa na wageni, uchungu wenu nauheshimu kabisa. Raia wa Tanzania anaweza kuwa mlezi wa kambo na anaweza kuasili, na masharti yake ya ukaazi si magumu kama ya mgeni. Maombi hayaanzii parokiani wala kwenye makao. Yanaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Mwenye nia na asiyejua pa kuanzia aje tuzungumze Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi, nitaongozana naye hadi ofisini.